Fundi rangi mgeni California, kaa hapa nikuambie

Jumamosi kijana mmoja alinionyesha simu yake, kifua mbele, invoisi tatu za nyumba moja: sebule dola 900, vyumba dola 900, nje dola 900. Eti kakwepa leseni. Nani kakufundisha? Kaka mmoja wa Texas. Huyu ni wa nne mwaka huu, kwa hiyo naandika.

1. Texas si California. Kule jimbo halimdai fundi rangi leseni. Huku bodi ya makandarasi, CSLB, inakudai. Tangu Januari 2025 unaweza kufanya bila leseni kazi isiyofika dola 1,000, ufundi na vifaa pamoja, isiyohitaji kibali cha ujenzi, tena bila kuajiri mtu. Kazi moja ukiikata vipande inabaki kazi moja. Kikomo kilipokuwa 500 watu walikata hivyohivyo, wakanaswa hivyohivyo.

2. Advansi ya kazi za nyumbani ni asilimia 10 au dola 1,000, ile iliyo ndogo. Mteja akikupa 3,000 kwa moyo mweupe, mrudishie inayozidi.

3. Bondi si bima! Ile dhamana ya dola 25,000 unayoweka kwa ajili ya leseni inamlinda mteja. Ikimlipa, walioitoa wanakugeukia wewe uwarudishie.

4. Bima ya fidia ya wafanyakazi, ile inayolipa mtu wako akiumia kazini. Hapa nivumilieni.

Nilipopata C-33 yangu, yaani leseni ya fundi rangi, nilijaza fomu ya kusema sina mfanyakazi, kwa hiyo bima hiyo sikuinunua. Siku ile ilikuwa kweli. Miezi saba baadaye akaja binamu yangu, mtoto wa shangazi, nikampa brashi. Kichwani mwangu hakuwa mfanyakazi, alikuwa ndugu: tunakula sufuria moja, Ijumaa namshikisha noti kadhaa, basi. Sheria haijui sufuria. Ukimlipa, umemwajiri.

Tulikuwa na nyumba ya ghorofa Oakland, mkataba wa dola 18,400, nami nimeshapokea 7,000 kadiri kazi ilivyosonga. Siku ya tisa ngazi ikateleza juu ya turubai lililomwagikiwa praima, turubai nililolitandika mimi mwenyewe, na binamu akatua kwenye mawaridi ya mama mwenye nyumba. Kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitalini nesi akamuuliza, "Umeumia kazini?" Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa naomba adanganye, nasema wazi. Akajibu, "Ndiyo."

Matibabu yakawa juu yangu. Nyumba nikaimaliza peke yangu, ikapendeza, mama mwenyewe akasifu madirisha. Nikaomba 11,400 zilizobaki. Jibu likatoka kwa wakili wake, ukurasa mmoja tu: ukiajiri bila bima hiyo, leseni inasitishwa yenyewe, hata kama cheti kinaning'inia ukutani. Na mkandarasi asiye na leseni hai hana haki ya kudai malipo mahakamani. Mteja ndiye anayeweza kudai arudishiwe hata alichokwisha kulipa. Nilisoma barua ile ndani ya gari, ndoo za rangi zikinuka nyuma yangu, mara tatu. Mwisho nikasaini karatasi: wao hawazidai zile 7,000, mimi nasahau 11,400. Nikashukuru, jamani. Nikashukuru kwelikweli!

Mkono wa binamu haugeuki vizuri mpaka leo. Ana leseni yake sasa, na bima alinunua kabla ya ngazi.

5. Ukifanya chini ya mkandarasi mwingine, notisi ya awali, ile barua ya kumjulisha mwenye nyumba kwamba unafanya kazi kwake ili ulinde haki yako ya malipo, peleka ndani ya siku 20 tangu uanze kazi. Usingoje mkandarasi aanze kukwepa simu zako.

6. Namba ya leseni iwekwe kwenye kadi, tangazo na mkataba. Vijana mnaweka picha yenu mmevaa miwani, namba hakuna.

Na wewe wa invoisi tatu: kwenye picha ya sebule kuna mtu nyuma yako ameshika rola. Ni nani huyo, na Ijumaa ulimpa nini? Nipigie kabla hajapanda ngazi.