Barua kwa mwanangu: mgeni akisema "sick", anasifia au anaumwa?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Nyumbani hatujambo, mvua imeanza na migomba imechangamka.

Barua yako nimeisoma. Unasema huko Kilimanjaro, unakowasindikiza wageni kupanda mlima, mgeni Mwingereza alikwambia asubuhi kambini "I've been sick", ukampa pole ukidhani ni mafua, kumbe alitapika usiku kucha. Siku hiyohiyo kijana wa Kimarekani akakitazama kilele cha Kibo na kusema "That's sick!", nayo kamusi ikakujibu: mgonjwa. Unauliza utajuaje.

Kabla ya kuhangaika na neno, tazama linasemwa juu ya nini. Likisemwa juu ya kitu, iwe mlima, picha au buti, mara nyingi ni sifa. Mbona sisi tunasema "hiyo simu ni hatari" au "noma sana" na hakuna anayekimbia? Likisemwa juu ya mtu, sikiliza kitenzi. "I feel sick" ni kichefuchefu, hasa kwa Mwingereza. "I've been sick" kinywani mwake ni kutapika kabisa. Mmarekani akisema "I'm sick" anaumwa tu, hata mafua yamo. Na "I'm sick of porridge" haina ugonjwa wowote: uji umemchosha. Ile "of" ndogo ndiyo iliyogeuza maana yote.

Hapo nakuomba uwe makini sana, kwa sababu mlimani neno moja likikupita mtu anaweza kupoteza maisha. Waingereza wengi hupunguza makali ya maneno. "A bit rough", "under the weather", "not brilliant": anayesema hivyo anaweza kuwa na hali mbaya kweli. Kwa hiyo usipime ugonjwa kwa neno alilochagua. Muulize mambo manne kwa Kiingereza chepesi: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu, kila kimoja akipe alama, 0 kama hakimsumbui hadi 3 kama ni kikali sana. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwemo, uchukulie kuwa ni ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu akipanda juu haraka. Asiendelee kupanda mpaka apate nafuu. Kisha atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, mwambie kiongozi wako papo hapo, mgeni ashushwe, hata kama ni usiku, na hata akisema "I'm fine".

Kuna neno lingine la kukutega: "gassed". Mmarekani akilisema amechoka hoi. Kijana wa London akilisema amefurahi kupita kiasi. Mtazame mabega na uso kabla hujamjibu. "Knackered" haina utata, ni kuchoka taabani. Limetokana na "knacker", mnunuzi wa farasi waliokwisha nguvu ili wachinjwe. Na "pissed" kwa Mwingereza ni kulewa, kwa Mmarekani ni kukasirika. Yaelewe yote mawili, lakini wewe usilitumie. Ni neno la mtaani.

Saa ndizo zinazoharibu ratiba. Mwingereza akisema "half five" ana maana ya 5:30, kwetu saa kumi na moja na nusu. Mjerumani kwa lugha yake husema "halb fünf" akimaanisha 4:30, saa kumi na nusu, na wapo wanaoihamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza. Ni saa nzima ya tofauti. Rudia kwa tarakimu, "four thirty or five thirty?", na usiondoke hajakujibu.

Mnapokagua vifaa kabla ya kwenda getini, acha kabisa neno "pants". Kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. Fikiria unamwambia mama wa watu akuonyeshe "pants" zake mbele ya wapagazi! Sema "waterproof trousers", wote watakuelewa. Mwaustralia naye akitafuta "thongs" zake anatafuta ndala.

Mgeni mzee akisema anataka "to spend a penny", usimpeleke dukani. Anataka choo. Zamani Uingereza mlango wa choo cha umma ulifunguka kwa kutumbukiza sarafu ya peni moja.

Na hili la "Would you mind if I rest here?" linawakosesha wengi wetu. Swali linauliza kama utachukia, hivyo ukijibu "yes" umemkatalia. Jibu "please, go ahead" na utakuwa salama.

Weka daftari dogo kwenye mfuko wa koti. Usiandike neno peke yake, maana neno likikatwa kutoka kwenye sentensi yake halina msaada. Andika sentensi nzima, nchi ya msemaji, na alichokuwa akifanya wakati ule. Usiku kambini muulize mwenyewe: "What did you mean by that?" Wengi hufurahi kueleza, na hakuna atakayekudharau.

Ukishuka, nipigie picha kurasa zenye maneno yaliyokushinda unitumie kwa WhatsApp, tuyapitie moja moja Jumapili ukija. Mama yako anakuandalia mtori.

Baba yako