Zawadi mwanangu, mbona nilibaki huku shamba

Zawadi mwanangu, marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza mbona nilikataa kazi ya kampuni kubwa ya umeme pale Minneapolis, hela nzuri na wewe ungesoma shule ya mjini, nikabaki meneja wa ushirika wa umeme wa wakulima. Nilikujibu juu juu, nisamehe.

Nilianza kama mpokea simu tu, na kiingereza changu cha Tabora. Halloween ya 1991, mwisho wa Oktoba, ikapiga ile dhoruba ya barafu, huku majimbo ya Minnesota na Iowa nyaya zikalemewa barafu mpaka nguzo zikavunjika kama mabua, simu hazikatiki. Akapiga mzee mmoja mfugaji, hakutukana, alikuwa analia, maana ng'ombe wa maziwa asipokamuliwa anaumia na mashine yake haina umeme. Usiku ule ndo nikaelewa, yule mzee sio kastoma, ni mmoja wa wenye ushirika, kwenye mkutano mkuu ana kura 1 sawa na tajiri wa ekari 2000, na ile bodi iliyokuja kunipa umeneja ni majirani zake aliowachagua yeye.

Unajua 1935 hapa Marekani ni kama shamba 1 tu kati ya 10 lilikuwa na umeme? Makampuni yaliona kuvuta laini huko hailipi, Rais Roosevelt akaanzisha REA, idara ya kupeleka umeme vijijini, serikali ikakopesha, wakulima wakaungana wakavuta wenyewe. Na hesabu bado ngumu mama, ushirika una wateja kama 8 kwa maili ya laini, makampuni yanapata zaidi ya 30, nguzo ni zile zile. Kila tulipopandisha bei nilikuwa silali, maana kesho yake nakutana nao dukani wananiuliza uso kwa uso, na nilikuwa nawajibu.

Halafu faida ya ushirika. Inaandikwa kwa jina la mwanachama, baada ya miaka mingi anarudishiwa cheki. Ya yule mzee ilitoka ameshafariki, mimi mwenyewe nikampelekea mkewe, akaishika pale jikoni akalitaja jina la mumewe mara 2, basi.

Ila najua ulikula peke yako usiku mwingi mimi niko ofisini na dhoruba. Hilo linaniuma mpaka leo, na sikuwahi kukwambia. Ukija mwezi ujao nataka tukae tuliongee, nitapika wali wa nazi.

Mama yako