Kampuni au jina la biashara?

SWALI: Mzee, salamu. Mimi ni fundi wa masanduku ya wanafunzi hapa Kamukunji, Nairobi, mwaka wa tisa sasa, na jina la biashara nimelisajili. Shule moja inataka masanduku 400, ila karani wao anasema wanalipa kampuni tu. Rafiki yangu anasema kampuni ni mzigo wa kodi. Nifanyeje?

JIBU: Fundi mwanangu, mwambie karani akuandikie sharti hilo. Shule nyingi hupokea jina la biashara bora uwe na PIN, yaani namba ya mlipa kodi, na cheti cha kodi. Lakini mimi ningesajili kampuni hata akilegeza, kwa sababu ya mabati utakayokopa.

Jina la biashara ni wewe mwenyewe. Ukishindwa kulipa mabati, anayekudai anaweza kufika hadi kwenye kiwanja chako cha nyumbani. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, deni lake ni lake. Tangu 1897 Baraza la Malodi la Uingereza lilipoamua kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, mahakama zetu hufuata hivyo. Na Sheria ya Kampuni ya 2015 inakuruhusu kuwa mwenye hisa na mkurugenzi peke yako. Sisi zamani ilibidi tumtafute shemeji awe mtu wa pili kwenye karatasi.

Kinga hiyo ina tundu, nami nilitumbukia humo. Mwaka 2014 kampuni yangu ya vyuma ilikopa. Afisa wa mkopo alinisogezea karatasi ya mwisho, ameshachora alama ya penseli mahali pa sahihi. Nilikuwa na haraka, lori lilikuwa linanisubiri nje. Nikatia sahihi bila kusoma. Kumbe ilikuwa dhamana yangu binafsi: kampuni ikishindwa kulipa, nalipa mimi. Mteja mkubwa alipochelewa kulipa, pikapu yangu ilivutwa kutoka uani watoto wakitazama. Tafadhali, ukiwekewa karatasi kama hiyo, nenda nayo nyumbani, uisome na mtu anayeelewa.

Kuhusu kodi, rafiki yako amesema nusu. Mauzo yakiwa kati ya shilingi 1,000,000 na 25,000,000 kwa mwaka, kodi ya mauzo ghafi ni 3%, uwe kampuni au mtu binafsi. Ukivuka hapo kampuni hutozwa 30% ya faida, na ukijilipa gawio, yaani fungu lako la faida, hukatwa 5% nyingine. Kinachoumiza wengi ni kusahau: ritani ya mwaka ya kampuni, yaani taarifa ya mapato kwa mtoza kodi, ikichelewa, faini haipungui shilingi 20,000, hata kama hukuuza sanduku moja. Ya mtu binafsi huanzia 2,000.

Halafu kuna jambo la mfukoni. Najua Kamukunji: sanduku likiuzwa asubuhi, pesa hiyo hiyo inanunua unga jioni. Pesa ya kampuni usiiguse hivyo. Ifungulie akaunti yake, ujilipe mshahara, na uandike kila shilingi inayotoka. Ukizichanganya, siku ya kesi utakosa la kumwonyesha hakimu kwamba kampuni si wewe.

Usajili unafanyika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa zaidi kidogo ya shilingi 10,000. Ukishapata cheti, ankara ya mabati iandikwe jina la kampuni, usikubali iandikwe lako. Na uiombe shule malipo ya nusu kabla hujakata bati la kwanza.