Re: Nyumba ya mbao Lushoto, ukuta mzima kioo? Mkuu usithubutu

Mkuu simamisha hilo zoezi kwanza. Umesema kiwanja kipo upande wa Irente, kinatazama bondeni Mazinde, unataka nyumba ya mbao yenye sebule ya kioo ukuta mzima ili ule mandhari, na unauliza mbao gani, bati gani, kibali unaanzia wapi na kama milioni 40 zitatosha. Bati tutaongea baadaye. Hicho kioo ndo kimenifanya niache chai ipoe.

Mimi nimekijenga. Hicho hicho. Futi 18 upana, mapande matatu ya kioo cha milimita 6, fremu za mbao za saiprasi kutoka Shume. Msanifu aliyenichorea hakuwahi hata kupanda Lushoto, alikuwa Dar, kiwanja alikiona kwenye picha nilizomtumia WhatsApp saa nne asubuhi, ukungu umeshaondoka, bonde linang'aa mpaka kwenye mashamba ya mkonge. Akanionesha nyumba ya Norway kwenye simu, "kaka, view ndo kila kitu", na mimi mshamba nikaitikia. Norway watu wanalitafuta jua kwa tochi aisee!

Pale bonde liko magharibi. Yaani kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia sebuleni bila hodi na haliondoki mpaka lizame. Nikatokeza paa futi tano nikajua nimemaliza kazi, kumbe jua la jioni liko chini, linapita chini ya paa kama mbuzi anavyopita chini ya seng'enge. Wageni wamekuja kuona view wanakaa na miwani ya jua ndani ya nyumba hahaha. Kwa hiyo nililipa milioni 5 na ushee nipate kioo, halafu nikalipa laki sita za mapazia ya kukifunika. Usiku ukiwasha taa huoni hata malori ya barabara ya Moshi kule chini, unajiona mwenyewe umeshika sahani ya ugali. Mwezi wa saba baridi ndo usiseme, unaangalia taarifa ya habari umejifunika blanketi.

Na bado. Mbao zilikuwa mbichi. Muuzaji aliapa zimekaa miezi sita, fundi akipigilia msumari naona maji yanachuruzika pembeni, namuuliza, ananijibu "zitakaukia hapo hapo bosi". Zikakaukia kweli. Fremu ikapigwa jua kila alasiri ikapinda, ikabana kioo cha katikati, siku moja saa kumi na nusu nimekaa nasikia tah! Ufa kona hadi kona. Kioo ambacho kilipandishwa kona zote zile za kutoka Mombo kwenye lori la Canter, kimefungwa magodoro kama mgonjwa.

Kuna mzee jirani, Msambaa, siku tunachimba msingi alisimama akaangalia akauliza, "Mgosi, jua utalificha wapi?" Nikacheka. Nilicheka mimi.

Sasa sikia, kabla ya ramani, kabla ya fundi, peleka kiti cha plastiki kiwanjani. Kaa pale sebule itakapokuwa, kuanzia saa nane mchana mpaka giza, siku hata tatu, na moja iwe ya upepo. Ukiona unahamisha kiti, hapo kioo kikubwa hakikai. Kiti kwanza, ramani baadaye. Bonde utalionea varandani, unatoka na kikombe chako unaangalia weee ukichoka unarudi ndani kwenye kivuli. Sebuleni dirisha moja tu la futi nne kwa tatu, likae chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Ndo ninavyofanya mimi sasa, mapande mawili nimeshaziba kwa mbao (kavu safari hii, nimezipanga mwenyewe kivulini mwaka mzima), la tatu nasubiri hela.

Uliuliza na nini kingine, bati? Nitarudi mkuu, saa tisa hiyo, naenda kufunga pazia.