Betri kuisha haraka kwenye Linux

Mdogo wangu, umesema tangu uweke Ubuntu (aina ya Linux), umeme ukikatika hapo Lamu laptopu haifikishi hata saa mbili. Anza na mwanga wa skrini, mara nyingi ndio mlaji mkubwa. Upunguze hadi nusu. Kisha weka programu ya PowerTOP, uiendeshe kwa sudo (amri ya kupata ruhusa ya msimamizi) chaja ikiwa imechomolewa: itakuonyesha programu zinazoiamsha prosesa kila mara. Mimi ningeshuku kivinjari kwanza. TLP, programu ya kuokoa betri, nayo ni nzuri sana, lakini usiichanganye na power-profiles-daemon, huduma ya kusimamia umeme inayokuja na Ubuntu, zinagongana, chagua moja. Bluetooth izime. Na tafadhali, usiiache laptopu barazani juani, joto huchakaza betri ya lithiamu. Kama ni laptopu ya aina ya ThinkPad, TLP inaweza kuwekewa kikomo cha kuchaji, mathalani asilimia 80.