Swali la Lugha: Mpemba hakuthibitisha

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja mkoani Tanga. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameandika kwenye insha: "Erasto Mpemba alivumbua kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko maji ya baridi." Nilikata "alivumbua" nikaandika "aligundua", na alama moja nikampunguzia. Mwenzangu wa Fizikia akaliona daftari, akasema neno linalofaa ni "alithibitisha". Tumebishana wiki nzima katika ofisi ya walimu. Tuamulie.

JIBU: Mwalimu, kwa Kiswahili cha leo umesahihisha vizuri, na kwa Kiswahili cha jana mtoto hakukosea sana. Aliyekosea ni mwenzako wa Fizikia. Kosa lake nimelisubiri muda mrefu mtu aniletee, maana kila nikifungua gazeti nalikuta limekaa kwenye kichwa cha habari, limetuna kifua.

Vumbua na gundua tuyamalize upesi. Yote mawili yana ule mkia wa -ua tunaousikia katika fumbua, zibua na funua, mkia wa kufungua kilichofungwa, na wazee waliyatumia kwa kubadilishana. Mtu aliyefika nchi asiyoijua aliitwa mvumbuzi ingawa nchi ilikuwa na wenyewe. Siku hizi wasemaji wamegawana kazi: gundua imekwenda kwa kitu kilichokuwapo bila kujulikana, kama dhahabu ardhini au kirusi damuni, na vumbua imesogea karibu na buni, kwa kitu kilichotengenezwa, kama redio. Ukimgundua mwizi, mwizi alikuwapo kabla hujamwona. Tabia ya maji ilikuwapo kabla ya Mpemba, kwa hiyo gundua. Wala haidhuru kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikwisha kuandika jambo linalofanana na hilo karne nyingi nyuma. Kijana wa Lushoto hakuwasoma, aliliona mwenyewe kwa macho yake.

Ila mgawanyo huu una mahali unapokwama. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, katika Chuo Kikuu cha Manchester, walipata grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Waliutoa kwenye grafaiti, jamii ya ile tunayoandikia kwenye penseli, kwa kutumia utepe wa gundi, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Je, waliugundua au waliuvumbua? Ulikuwamo siku zote ndani ya grafaiti, lakini peke yake hakuna aliyewahi kuushika. Mimi ningeandika kwamba waliubandua. Kitenzi hicho kinajulikana na kila mtoto aliyewahi kubandua karatasi ukutani, nacho kinasema walichofanya hasa. Anayetaka kuandika sayansi kwa Kiswahili aanzie hapo: mtu alifanya nini kwa mikono yake? Alipima, alichemsha, alihesabu, alibandua. Vitenzi tunavyo tele.

Sasa nije kwa mwenzako na thibitisha yake.

Neno hili mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kusimama imara, nalo ni ndugu wa thabiti. Kuthibitisha ni kukifanya jambo liwe thabiti, lisukumwe lisitikisike. Wewe Mwalimu neno hili unalijua kuliko mwandishi yeyote wa magazeti. Ulipoajiriwa hukuthibitishwa siku uliyoripoti. Uliwekwa katika kipindi cha majaribio, ukafundisha, ukatazamwa, ukaandikiwa ripoti, ndipo ikaja barua ya kukuthibitisha kazini. Angalia lugha ilivyofanya: neno lilelile, majaribio, linatumika kwa mwalimu mgeni, kwa dawa mpya na kwa chupa za maabara. Majaribio kwanza, uthibitisho baadaye, na kati yao muda unapita. Mkuu wa shule atakayekupa barua ya kuthibitishwa asubuhi ya siku yako ya kwanza, kwa kuwa somo lako la kwanza lilikwenda vizuri, ataulizwa maswali. Mwandishi anayefanya vivyo hivyo kwa utafiti uliochapishwa jana haulizwi na mtu, na hilo linaniudhi.

Tumchukue Mpemba mwenyewe, maana hakuna mfano bora kuliko wake.

Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya sukari, wanangoja yapoe, kisha wanayaingiza kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombaniwa. Mwenzake mmoja akaona achanganye maziwa yake na sukari bila kuyachemsha ili awahi. Mpemba akaona atakosa nafasi, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu. Akamwuliza mwalimu wa Fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu, na darasa likalifanya neno hilo la kumcheka kila alipokosea jambo.

Ndipo akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wote: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji sawasawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia pamoja kwenye jokofu, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, akarudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaja na habari kwamba kweli maji yaliyoanza moto ndiyo yaliyotangulia, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Isome tena kauli hiyo. Fundi yule alikuwa amekwisha kuthibitisha kichwani mwake kabla hajawasha jokofu, na matokeo yalipomkatalia, akayaona matokeo ndiyo yenye kosa. Neno thibitisha likiwahi mno linafanya hivyo: linaziba sikio.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja makala katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka. Tangu hapo watu wamejaribu katika nchi nyingi. Wengine wanalipata jambo hilo, wengine hawalipati. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: maji ya moto hupungua kwa mvuke, hupoteza gesi zilizoyeyuka ndani yake, huzunguka chomboni kwa namna nyingine, na mara nyingine maji ya baridi hushuka chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima wakasema hawakuona ushahidi wenye maana kwamba maji hufanya hivyo. Walionyesha hata kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini, jibu linaweza kugeuka. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliacha barafu wakatumia kipunje cha kioo kisichoonekana kwa macho matupu, na hapo walilionyesha waziwazi jambo la namna ile: kilichoanza moto zaidi kilitangulia kupoa. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliona jamaa yake katika ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za kalsiamu zilizonaswa, katika fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu. Jina la kijana aliyechekwa darasani limefika huko.

Basi mwambie mwenzako: miaka zaidi ya 60 imepita, na swali la maji bado watu wanaligombania. Mpemba alithibitisha nini? Aliona, akauliza, akachekwa, akauliza tena. Alipoulizwa kwa dhihaka hakunyamaza. Kumwandikia "alithibitisha" ni kumvika kanzu ya mtu mwingine na kumvua ya kwake, iliyo nzuri zaidi. Ukimwambia mtoto wa kidato cha pili kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa, ataacha kujaza vyombo viwili maji na kuvitia kwenye friji ya nyumbani. Mimi namtaka avitie.

Na hapa nina neno na wewe pia, Mwalimu. Ulishughulika na "alivumbua", ukaiacha "huganda". Kiambishi hu- ndicho cha methali: haba na haba hujaza kibaba, mchumia juani hulia kivulini. Kinasema ndivyo ilivyo siku zote, kwa kila mtu, kila mahali. Ukiandika "maji ya moto huganda haraka", umethibitisha bila hata kulitaja neno lenyewe. Maziwa ya Mpemba yaliganda. Maji ya fundi wa Osborne yaliganda. Kutoka -li- hadi hu- ni safari ndefu, na watafiti wengi hufa hawajaimaliza. Penye shaka tuna "huweza kuganda", au "mara nyingine huganda". Maneno mawili haya hayamgharimu mwandishi kitu.

Mpemba si peke yake. Tiba ya ugonjwa wa selimundu inayohariri jeni kwa mbinu ya CRISPR iliruhusiwa Uingereza mnamo Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata. (Selimundu, kwa njia, ni neno ninalolipenda: seli na mundu, na mgonjwa anaiona mara moja seli yake ilivyopinda.) Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Hiyo ni habari ya kumtoa mzazi machozi, na haihitaji kutiwa chumvi. Lakini ukiandika "tiba yathibitishwa" umekosea mara mbili, kwa sababu mamlaka za dawa hazithibitishi, zinaidhinisha. Tunalo neno idhini. Vivyo hivyo chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo pamoja na Burkina Faso na Mali: mnamo Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza matukio ya malaria kwa asilimia 75 pale ambapo ugonjwa huja kwa msimu, na asilimia 68 pale ambapo upo mwaka mzima. Mama wa Bagamoyo akisoma "imethibitishwa kuzuia malaria" anaweza kukiweka kando chandarua. Akisoma "hupunguza", atakitandaza. Kitenzi kimoja hapo kina uzito wa mtoto.

Na kuna mwaka 2011. Watafiti wa jaribio la OPERA walipima nyutrino, chembe ndogo mno, zilizotoka CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, hadi Gran Sasso, Italia, kilomita 730 hivi, wakazikuta zimefika nanosekunde 60 (sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja) mapema kuliko mwanga ungefika, na fizikia inasema hakuna kinachoupita mwanga. Wenyewe walisita. Waliweka hesabu zao hadharani wakaomba wenzao wawatafutie kosa. Kosa likapatikana: kebo ya nyuzi za mwanga haikuwa imefungwa sawasawa. Wanaofanya kazi hii wana woga wa neno thibitisha, na woga huo ndio ufundi wao. Wanaoandika habari zao ndio wasio na woga.

Sisemi neno lifutwe. Maabara ikipima damu na kusema kisa kimethibitishwa, sawa, kipimo kimefanya kazi yake. Mwanahisabati anathibitisha kanuni, sawa kabisa. Hata "kuthibitisha kuhudhuria" kwenye kadi za harusi nimekwisha kulizoea, japo nikilisoma natikisa kichwa. Kwa utafiti mmoja wa juzi, kuna dokeza kama dalili ni hafifu, ashiria zikiongezeka, onyesha zikikaa vizuri. Thibitisha ingoje barua yake ya kazi.

Kwa insha ya mtoto, ningeacha sentensi iwe hivi: "Mwaka 1963 Erasto Mpemba aligundua kwamba maziwa yake ya moto yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa, akauliza kwa nini." Hilo la "akauliza kwa nini" mwongezee mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na ile alama moja umrudishie.