Sababu za islamofobia, tuulize au tunyamaze?

Wiki hii meseji nyingi zimehusu utafiti wa sababu za chuki dhidi ya Waislamu, haya twende.

Supavaiza kaniambia nibadilishe mada, eti ni moto. Ana haki? (Mwanafunzi, Mbale)

Kukushauri ana haki, kukuzibia mdomo hana. Katiba yetu ya Uganda ibara ya 29 inataja uhuru wa kitaaluma vyuoni, na 1990 wasomi wa Afrika walikaa hapa hapa Kampala wakatoa Azimio la uhuru wa wasomi na wajibu wao kwa jamii. Sasa huo wajibu ndo watu wanausahau. Mimi kwenye fomu yangu ya maswali ya utafiti niliandika "Kwa nini unawaogopa Waislamu?", kamati ya maadili ikanirudishia, nikanuna siku mbili nzima, halafu nikaona kumbe nimeshamwamulia mtu kwamba anaogopa! Nikaweka "Ungempangishia chumba mama anayevaa hijabu?" Mwenye nyumba mmoja akakuna shingo, akasema "inategemea". Hiyo inategemea yake ilinipa kurasa tatu.

Sababu si ni yale mabomu tu? (Boda, Kabalagala)

Ndugu yangu, wewe wa Kabalagala unajua vizuri kuliko mimi. 11 Julai 2010 watu wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia, hapo kwenu na kwenye klabu ya raga ya Kyadondo, wakafa zaidi ya 70, Al-Shabaab wakasema ni sisi. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Ila ilitokaje kwa Al-Shabaab ikamfikia muuza chapati mwenye kanzu? Hapo ndo pa kutafiti.

Mkitafuta sababu si mnatulaumu sisi tuliotukanwa? (Ustadhi, Kibuli)

Ustadhi, hapo umenishika. Ukiichimba kwa Waislamu peke yao, ukaacha redio, wanasiasa na askari wa getini anayepekua begi la mwenye hijabu mara mbili, utafiti umepinda kabla haujaanza. Lakini pia utafiti ukikuta mhubiri wetu fulani anachochea, usiniambie nifute.

Ulaya si wako huru wanatafiti wanachotaka? (Msomaji, Jinja)

Thubutu! Ufaransa Februari 2021 waziri wa elimu ya juu, Frédérique Vidal, alitaka vyuo vichunguzwe kwa kile alichokiita "islamo-gauchisme", yaani mrengo wa kushoto kushikana na Uislamu mkali, mpaka CNRS, taasisi kubwa ya utafiti ya huko huko, ikasema hilo neno halina maana yoyote kisayansi.

Matokeo niyapeleke msikitini? (Mwanafunzi, Arua)

Peleka. Ila nenda na maswali kwanza.